Transista orijino za ampli (2SC3281 na 2SA1302) zinapatikana wapi? Nimeuziwa feki

mawimbi_fm
Wakuu habari zenu. Nina ampli ya stirio ya zamani, chaneli ya kulia imekufa, nimefungua nikakuta zile transista kubwa za mwisho, 2SC3281 na 2SA1302, zimeshoti miguu ya kolekta na emita, na fyuzi za upande huo zote zimekwenda. Sapulai yake ni volti 65 chanya na 65 hasi. Nikaagiza nyingine mtandaoni kwa muuzaji mwenye sifa nzuri tu, picha safi, jina la Toshiba limekaa vizuri kabisa. Nimefunga, sauti ya chini ikapiga bila shida, nikapandisha kidogo, muziki ulipoanza kugonga paa zimeshoti tena. Sasa naomba kujua, orijino za hizi namba mnazipata wapi, na mtu unaitambuaje ya kweli kabla hujaichoma? Hii ampli naipenda, kuitupa sitaki.

MzeeWaSolda
Pole sana mkuu. Tatizo limeanzia kwenye namba unayoitafuta. 2SC3281 na 2SA1302 Toshiba aliacha kuzitengeneza miaka mingi sasa, kwa hiyo anayekwambia anazo mpya kabisa tena kwa mamia, jiulize kazitoa wapi. Karibu zote zinazouzwa leo ni transista ndogo za bei rahisi zimefutwa maandishi zikaandikwa upya. Hizi mbili zimeghushiwa mno, fundi yeyote wa ampli atakwambia.

Achana na namba ya zamani, nunua mrithi wake ambaye bado anatengenezwa. Toshiba wana TTC5200 na TTA1943, ambazo zimechukua nafasi ya 2SC5200 na 2SA1943: volti 230, ampea 15, wati 150, umbo lile lile kubwa na miguu imepangana vile vile, beisi, kolekta, emita. Onsemi nao wana MJL3281A na MJL1302A, volti 260, ampea 15, wati 200, na ukizitazama namba zenyewe unaona wazi zinafuata zipi. Jozi yoyote kati ya hizo inaingia kwako.

Ila 2SC5200 nayo inaghushiwa vibaya sana, kwa hiyo namba nzuri peke yake haitoshi. Nunua kwa wasambazaji wanaotambuliwa na kiwanda, yaani Mouser, Digi-Key, Farnell, RS. Ingia tovuti ya mtengenezaji utakuta orodha ya wasambazaji wake, nunua kwa walio kwenye orodha hiyo basi. Usafirishaji utakuuma kidogo, agiza na drava (transista ndogo zinazosukuma hizo kubwa) na risista humo humo mzigo uwe mmoja. Nyota za muuzaji kwenye soko la mtandaoni hazithibitishi kitu, wateja wengi wanampa nyota siku bahasha imefika, transista yenyewe hawajaiwasha.

kolekta_wazi
Nakazia alichosema mzee. Hizo zilizoungua usizitupe, vaa miwani ya kukinga macho, shika moja kwa praya uivunje plastiki taratibu mpaka uone kipande cha silikoni kilicholala juu ya bati. Ya kweli ya wati 150 ina kipande kikubwa, kinachukua eneo la kuonekana. Feki nyingi utakuta kijipande kama punje ya mtama katikati ya bati tupu. Ndiyo maana sauti ya chini ilipiga vizuri, mkondo ulikuwa mdogo. Ukipandisha, transista inabeba volti nyingi na ampea nyingi kwa wakati mmoja, joto linajikusanya sehemu moja ya kile kijipande na kinatoboka kabla hata hitisinki (chuma cha kupoza transista) haijapata moto.

Kwa zile ambazo hujafunga, kipimo ninachokiamini ni kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) kati ya kolekta na beisi. Datashiti (karatasi ya vipimo ya kiwanda) ya 2SC5200 inasema pikofaradi 200 hivi kwa volti 10, na 2SA1943 ni 360 hivi. Vipimo vyetu vidogo vinapima kwa volti ya chini kwa hiyo ya kweli itasoma juu zaidi ya hapo. Ukiona inasoma chini sana, ujue silikoni ya ndani ni ndogo. Ile hFE (kiasi transista inavyokuza mkondo) ya multimita isikudanganye, inapima kwa mkondo mdogo mno. Kwa ampea 1 ya kweli inatakiwa iwe kati ya 55 na 160, na ikifika ampea 7 isishuke chini ya 35. Feki ikifika huko inaporomoka kabisa.

Maandishi na rangi ya mwili siku hizi usiviamini, wanaoghushi wamekuwa mafundi.

risista_moto
Sawa feki zipo, lakini hata ukifunga orijino leo zinaweza kuungua vile vile kama hujapima vilivyo nyuma yake. Transista za mwisho zikishoti mara nyingi zinaondoka na drava, na zile risista za emita za om 0.22 zinakatika au zinabadilika. Pima zote, na ile transista ndogo inayopanga bayasi (mkondo mdogo unaopita transista za mwisho hata bila sauti) iliyogusana na hitisinki, hiyo ikikatika bayasi inapanda mpaka mwisho na kila utakachofunga kitakwenda.

Ukiwasha mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa siries, ya LED haifai. Spika usiunge. Balbu ikiwaka halafu ikafifia endelea, ikibaki inawaka kwa nguvu zima hapo hapo, bado kuna shoti.

mawimbi_fm
Asanteni sana wakuu. Nimevunja moja, kweli kabisa kijipande ni kidogo hata robo ya bati hakifiki. Na drava moja nimeikuta imeshoti. Kuna fundi kaniambia niweke MJL21193 na MJL21194 kwa sababu ni ngumu zaidi, mnasemaje?

MzeeWaSolda
Ni ngumu kweli, volti 250, ampea 16, wati 200, na mimi nazipenda kwenye ampli iliyoundwa kwa ajili yake. Ila kasi yake ni megahezi 4, hizo zako za asili ni za 30. Ampli iliyopangwa kwa transista za kasi ukiiwekea za polepole inaweza kuanza kuyumba masafa ya juu, na bila osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) hutaona mpaka ziungue. Baki kwenye TTC au MJL3281A. Badilisha zote za chaneli hiyo, chanya na hasi, pamoja na drava zote mbili, weka mika mpya (kipande cha kuhami umeme kati ya transista na hitisinki) na grisi nyembamba, kisha pima kolekta na hitisinki kuhakikisha hazigusani. Bayasi shusha mpaka chini kabla ya kuwasha, halafu ipandishe polepole ukisoma milivolti kwenye risista ya emita, 5.5 kwenye om 0.22 ni sawa na miliampea 25. Kama una manyuali ya ampli fuata namba iliyomo humo, iache ipate joto kisha urekebishe tena.