Mafuta ya samaki yanamkuza mtoto tumboni kweli?

MamaKijacho
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana sina amani kabisa. Mimba yangu ya kwanza ina wiki 28, juzi nimepiga ultrasaundi nikaambiwa mtoto ni mdogo kuliko wiki zake, nirudi baada ya wiki mbili apimwe tena. Sasa wifi yangu yuko Uingereza alinitumia chupa ya mafuta ya samaki, anasema yanakuza mtoto na kumpa akili, nimeanza wiki iliyopita nakunywa kijiko kikubwa cha chakula kila asubuhi. Nataka kuongeza viwe viwili ili mtoto awahi kufikia uzito. Kuna aliyetumia?

MamaWawili_Tanga
Pole mdogo wangu. Mimi mimba ya pili nilimeza omega 3 za vidonge, yaani yale mafuta yanayopatikana kwenye samaki, mtoto akatoka na kilo 3.4 wakati wa kwanza alikuwa 2.9, ila siwezi kusema ni mafuta maana huyu wa pili nilipitiliza tarehe siku sita nzima na pia nilikuwa nakula vizuri zaidi. Usiongeze kijiko kwanza, subiri wenye ujuzi.

LisheKwanza
Dada usiongeze, tena hicho kimoja kisimamishe mpaka usome lebo. Angalia kama wameandika mafuta ya samaki au mafuta ya INI la samaki, ni vitu viwili tofauti. Ya ini yana vitamini A nyingi sana, kijiko kikubwa kimoja kinaweza kuwa na mikrogramu 4,000 hivi na mwisho kwa mjamzito ni 3,000 kwa siku, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Huko huko Uingereza kwa wifi yako wajawazito wanaambiwa wasitumie ya ini.

Sasa hii habari ya kukuza mtoto imetoka wapi. Kuna daktari wa Denmark anaitwa Olsen, aliona wanawake wa visiwa vya Faroe wanaokula samaki sana wanazaa watoto wazito, mwaka 1992 akatoa majibu ya utafiti wa wajawazito 533, waliopewa mafuta ya samaki kuanzia wiki ya 30 mimba zao zilikaa siku 4 zaidi kuliko waliopewa ya zeituni na watoto wakazidi kama gramu 100. Umeona hapo? Uzito mwingi ulitokana na zile siku za ziada tumboni. Mwaka 2018 zikajumlishwa tafiti 70 zenye wanawake karibu 20,000, wanaozaa kabla ya wiki 37 walishuka toka asilimia 13.4 mpaka 11.9, hilo ni jambo zuri sana, lakini watoto wadogo kuliko wiki zao, yaani kama wako, hawakupungua. Na Olsen huyo huyo na wenzake walijaribu kuwapa wajawazito ambao mtoto alishaonekana hakui, hospitali 19 za Ulaya, hayakusaidia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni KWA NINI hakui. Presha imepimwa? Mkojo je una protini? Damu iko ngapi? Umepima malaria? Na tarehe zako una uhakika nazo maana wengine mtoto yuko sawa ila wiki zimehesabiwa vibaya. Vidonge vya damu usiache, na siku ukiona mtoto anacheza kidogo kuliko kawaida yake nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje hizo wiki mbili.

Bi_Pwani
Omega 3 kale kwenye sahani mwanangu, vibua, dagaa, samaki wadogo wadogo mara mbili tatu kwa wiki inatosha. Papa na nduaro waache mpaka ujifungue, samaki wakubwa wale wanabeba zebaki.

MamaKijacho
Jamani nimesoma chupa ni ya INI!! Nimetetemeka, nimekunywa siku nane, mtoto wangu atakuwa salama kweli?

LisheKwanza
Tulia dada. Hatari kubwa ya vitamini A ni miezi mitatu ya mwanzo viungo vinapojengeka, wewe umeshavuka huko na siku zenyewe ni chache. Umefanya vizuri kusoma. Nenda na chupa yenyewe umwonyeshe daktari.

MamaKijacho
Asanteni sana, nimeiweka kwenye pochi. Kesho asubuhi nawahi kliniki, nianze na presha na mkojo.