Mashine imechukua nusu ya kazi yangu. Kodi ya roboti ingesaidia?

Karani wa Ankara
Wakuu, salaam. Niko idara ya malipo. Zamani ankara ikija nilikuwa naiingiza mwenyewe kwenye mfumo: muuzaji, namba, tarehe, kiasi, kodi. Siku hizi programu inaisoma picha na kujaza yenyewe. Mimi naletewa zilizoishinda tu: muhuri umefunika jumla, mwandiko wa mkono umepinda, ankara mbili zimeskaniwa ukurasa mmoja. Nyama imeliwa, nimeachiwa mifupa niitafune kutwa. Hakuna aliyefukuzwa, ila mwenzetu akistaafu kiti chake hakijazwi. Nasikia kuna wanaotaka roboti itozwe kodi. Inawezekana hiyo, au ni porojo?

Mzee wa Vitabu
Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, aliizungumzia mwaka 2017. Bunge la Ulaya nalo likaletewa wazo hilo mwaka huohuo, likalikataa. Kigingi cha kwanza ni kujua roboti ni kitu gani. Hiyo programu yako haina hata mkono!

Mimi ningeanzia kwenye vitabu vya mwajiri. Akiajiri mtu, katika nchi nyingi analipa michango ya hifadhi ya jamii juu ya mshahara. Akinunua mtambo, mchango hakuna, na mara nyingi sheria inamruhusu kuhesabu uchakavu haraka kuliko mtambo wenyewe unavyochakaa, kwa hiyo faida inayotozwa kodi inapungua mapema. Yaani serikali inamsukuma kwenye mashine, halafu inashangaa ajira zimekwenda wapi. Korea Kusini mwaka 2017 iliamua kupunguza nafuu ya kodi kwa kampuni zinazoweka mitambo ya kujiendesha. Magazeti yakaiita kodi ya roboti. Kumbe hakuna roboti iliyotozwa, msamaha tu ndio uliopungua.

Binti Takwimu
Mzee, shikamoo. Nakuunga mkono nusu. Mashine za kutolea fedha zilianza London mwaka 1967, lakini Marekani idadi ya makarani wa benki haikuporomoka kwa miaka mingi baada ya kuenea kwake. Gharama ya kuendesha tawi ilishuka, benki zikafungua mengi. Mwaka 2013 Frey na Osborne, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani ziko hatarini kuchukuliwa na mashine. Watafiti wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, mwaka 2016 wakapima jukumu moja moja badala ya kazi nzima, wakapata asilimia 9. Ndiyo hali ya ndugu yetu hapa: kazi ipo, vipande vyake vimenyofolewa. Dawa ni mafunzo.

Karani wa Ankara
Mafunzo ya nini, dada? Tuliyopewa sisi ni video ya jinsi ya kubonyeza "thibitisha".

Mzee wa Vitabu
Marahaba, binti. Lakini angalia hayo mafunzo yanampata nani. Aliyeko kazini. Kiinua mgongo, vilevile. Yule kijana ambaye angekaa kwenye kiti kilichoachwa wazi hana hata barua ya kuachishwa, kwa hiyo hakuna sera inayomwona. Hata kugawa fedha tu hakutoshi: Ufini ilijaribu kuwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kwa mwezi bila masharti, mwaka 2017 na 2018. Walipumua kidogo, maisha yakawaridhisha zaidi, lakini ajira iliongezeka kiduchu tu. Mimi ningefuta mchango wa mwajiri kwa anayeajiriwa mara ya kwanza, na pengo la mapato ya serikali lizibwe kwa kuondoa ile ruhusa ya kuhesabu uchakavu haraka.