Mashine za majitaka zimekufa, pesa zimeenda kwenye geti!

Jamani wenzangu wa Mombasa, leo siwezi kunyamaza. Mimi ni fundi wa pampu. Miaka mingi nimekuwa nikiitwa kwenye mtambo mmoja wa kusafisha majitaka, na jana nimetoka pale na hasira hata chakula cha jioni hakikupita.

Mashine za kupuliza hewa bwawani ziko tatu. Inayozunguka ni moja, nayo beringi zinalia mpaka unazisikia ukiwa barabarani. Ya pili ilitolewa mota ikapelekwa kufungwa koili upya, haijarudi mpaka leo. Ya tatu tumeigeuza duka la spea, kila kinapoharibika kitu tunaenda kung'oa pale. Jana nimeshika bapa lake la kuchapa maji, chuma kikanimeguka mkononi kama biskuti.

Kwa asiyejua, maji yale husafishwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vinataka hewa. Hewa ikikatika, vile vinavyosafisha hufa, vikashamiri vingine vinavyotoa gesi ya kunuka kama yai viza. Na gesi hiyo haiishii puani mwetu! Ikipata ukuta wenye unyevu hugeuka asidi, ikatafuna zege na chuma. Chumvi ya bahari nayo iko pale pale. Kila mwezi unaopita bila mashine mpya, unaozesha na kuta, mabomba na ngazi za mafundi. Halafu mtu ananiambia eti tunabana matumizi.

Pesa za mashine tukaambiwa hakuna. Geti jipya limejengwa, limepakwa rangi, na kabro imetandikwa mpaka ofisini. Wageni walipokuja wakapigwa picha hapo getini wakarudi. Hakuna aliyepelekwa bwawani hata mmoja. Kwa nini?

Kule mdomoni maji yanakoingilia, chujio la kujisafisha lilikwama zamani. Siku hizi kijana wa kibarua anasimama juu ya mfereji na reki, anavuta pampasi na vipande vya leso, mikono mitupu. Glavu tu! Nyinyi wasimamizi, hata glavu hamkumnunulia mtoto wa watu?

Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka oksijeni inayoliwa na uchafu, kipimo wanachokiita BOD, isizidi miligramu 30 kwa lita moja maji yanapotoka kwenda nje. Mimi nimechota maji ya kutokea kwenye chupa nikayaacha yatulie. Nusu saa, tope limefika robo ya chupa. Hayo ndiyo yanashuka kwenye mikoko, na jirani yangu anatoa kaa hapo hapo anakwenda kuuza.

Tunachotaka kinajulikana: mota mbili, giaboksi mbili, mabapa ya chuma kisichoshika kutu, na chujio jipya. Usafi wa mazingira ni haki yetu, imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 43. Nimepeleka barua kwa wasimamizi kuuliza pesa za matengenezo zimetumikaje. Sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kujibu, na zimepita kimya.

Jumatatu napeleka barua ya pili. Sitaki kwenda peke yangu tena. Anayekaa karibu na mtambo na yuko tayari kutia saini, aandike hapa chini.