Mwalimu asukumwe na wito au na mshahara?

Dada_wa_Sumbawanga:
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, kafaulu vizuri, na anataka ualimu, ni kitu anakipenda toka yuko msingi. Sasa nyumbani hakukaliki. Baba mdogo anasema ualimu ni kazi ya waliokosa pa kwenda, ataishia kwenye madeni. Mama anasema ualimu ni wito, ukiipenda kazi hela itajileta yenyewe. Mimi nimekaa katikati maana kila mmoja nikimsikiliza naona ana hoja. Hivi mwalimu mzuri ni yule mwenye moyo wa kazi au ni yule anayelipwa vizuri? Walimu mliomo humu semeni ukweli, msitupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ticha_wa_Kata:
Dada mimi nafundisha sekondari ya kata na kazi naipenda, nikishaingia darasani na historia yangu nasahau shida zote, hilo silifichi. Ila ngoja nikuoneshe slipu ya mshahara ilivyo. Kabla hujashika hata mia wanakata kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kama mtu alisoma kwa boom, yaani mkopo wa serikali wa chuo, basi Bodi ya Mikopo wanachukua 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Hapo bado hajakopa benki, na atakopa tu, maana kwa kinachobaki kiwanja hununui. Utaratibu unataka angalau theluthi ya mshahara wa msingi ibaki, basi kuna wenzangu kibao wanaishi kwenye hiyo theluthi, ikikata katikati ya mwezi wanaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wanaacha na kadi ya benki huko huko. Sasa niambie mtu kadi yake iko kwa mkopeshaji, anasahihisha vipi insha za watoto 90 akili ikiwa imetulia?
Wito upo, nimeuona kwa macho. Kinachoniuma ni kwamba ukidai malimbikizo yako, hela uliyoifanyia kazi tayari, unajibiwa ualimu ni wito. Mbunge mbona haambiwi hivyo?

Mzee_Chaki:
Wanangu mimi ni mstaafu, kizazi cha UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 shule zilifunguliwa haraka haraka na walimu hawakuwepo, tukachukuliwa vijana wa darasa la saba tukafundisha huku tunajifunza ualimu humo humo kazini. Hela ilikuwa ndogo lakini kijiji kilikupa nyumba, kilikupa shamba, na mshahara ulinunua unga na sabuni na ukabaki. Ilipofika miaka ya themanini shilingi ikaporomoka, mshahara ukawa haumalizi hata wiki mbili, na hapo ndipo nikaona walimu hodari kuliko mimi wanaanza kuuza maandazi kwa wanafunzi wao na kuficha mada nusu ili waifundishe jioni kwenye tuisheni ya kulipia. Walikuwa watu wale wale, na moyo wao niliujua. Kilichobadilika ni bei ya unga. Mama yenu mwambieni namheshimu ila hela haijileti.

Jirani_Nakuru:
Hodi kutoka Kenya. Huku kila tukigoma viongozi wanatutajia Peter Tabichi, yule mwalimu wa hisabati na fizikia wa Keriko huku kwetu Njoro aliyeshinda Global Teacher Prize 2019, tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, na alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia watu. Mimi namheshimu sana huyo mwalimu, kazi yake ni kubwa. Lakini Tabichi ni bradha wa Wafransisko, ameapa kuishi maisha ya ufukara, hana mke wala watoto wa kulipia karo. Huwezi kuchukua maisha ya mtawa ukayafanya kipimo cha mama wa watoto watatu aliyepanga nyumba mjini. Mwaka 2024 walimu intani wa junia sekondari walikuwa wanapewa elfu 20 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato na wamehitimu kabisa, wakaingia barabarani, sasa hao nao tuseme hawakuwa na wito?

Mpenda_Takwimu:
Nakubaliana nanyi ila nusu. Indonesia waliwaongezea walimu waliothibitishwa posho sawa na mshahara wao wa msingi, yaani mara mbili, watafiti wakafuatilia, matokeo ya watoto hayakusogea. Hapa kwetu shirika la Twaweza walijaribu mpango wa KiuFunza kuanzia 2013, shule zilizopewa ruzuku peke yake watoto hawakupanda, zilizopata ruzuku pamoja na bonasi ya mwalimu kulingana na watoto wanavyojua kusoma na kuhesabu ndizo zilizopanda vizuri. Kwahiyo ukimmwagia mtu hela tu halafu darasani hakuna vitabu na hakuna anayefuatilia, usitegemee maajabu.

Ticha_wa_Kata:
@Mpenda_Takwimu hiyo ya Indonesia imalizie, walimu wale wale walipunguza kazi za pembeni na presha ya hela ikashuka, na hao ni walimu waliokuwepo tayari. Ule utafiti haukuangalia ni kijana gani wa kidato cha sita atachagua ualimu akiona unalipa. Hapa kima cha chini cha serikali hakikuguswa toka 2015 mpaka 2022, miaka yote hiyo wanafunzi wangu wenye akili sana nikiwauliza wanataka nini hakuna aliyetaja kazi yangu, na mimi ndiye niliyewafundisha. Kwahiyo Dada, huyo mdogo wako anayetaka mwenyewe msimzuie jamani, ila aingie anaijua slipu. Kasoma kombi gani?

Dada_wa_Sumbawanga:
EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati.

Ticha_wa_Kata:
Basi achukue hisabati, huko upungufu wa walimu ni mkubwa na ajira zikitoka wanawatafuta. Akifika chuo mwambie mapema asichukue mkopo wa simu hata mmoja. Nitumie PM nimuelekeze vyuo.