Wauza sponji za siti za pikipiki Moshi, acheni kutuuzia magodoro!

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Kuna mchezo unachezwa kwenye maduka ya sponji na leza (ile ngozi ya bandia ya kufunikia siti) hapa mjini, na bodaboda wenzangu wa Ngarenaro na Unga Limited wananiambia Arusha ni yale yale. Unaingia dukani unasema wazi: naomba sponji ya siti ya pikipiki, ile ngumu. Muuzaji anaitikia "ipo bosi, hii ndiyo yenyewe", anakukatia, anaifunga kamba, unatoa 15,000. Ukifika nyumbani ukiibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinagusa upande wa pili. Hilo ni godoro la kulalia! Tena la daraja la chini kabisa.

Unene si hoja. Hata ukiweka inchi sita za sponji nyepesi, kinachobeba mtu ni uzito wa sponji yenyewe. Kipande kizito kwa ukubwa ule ule ndicho kinachodumu. Kwenye godoro mtu amejinyoosha, uzito umesambaa mwili mzima. Kwenye siti mzigo wote uko kwenye matako, na sisi tunapanda Kibosho na Uru na abiria mwenye mkungu wa ndizi mapajani. Sponji nyepesi inalala pale pale na haiinuki tena. Baada ya muda mfupi unakalia plastiki ya chini, na mgongo wako ndio unaolipa.

Leza nayo ni kilio kingine. Wanakuonyesha upande wa mbele unaong'aa, wanakwambia haiingizi maji. Igeuze! Leza ya maana ina kitambaa cha kufuma nyuma, ukiivuta inanyooka kidogo na inarudi. Hii ya kwetu nyuma ina kitu chembamba mithili ya bandeji. Ukiivuta kwenye ile kona kali karibu na tangi, inachanika ukiwa hata hujapiga pini ya pili ya stepla. Na hata ikiwa nzuri, maji hayapiti kwenye leza, yanapita kwenye matundu ya sindano. Ukishona mshono juu pale anapokaa mtu bila kutandika nailoni chini yake, umetengeneza kisima. Mvua ya usiku inaingia, asubuhi jua linawaka, siti kwa juu ni kavu kabisa. Nilimpakia mama mmoja pale Majengo, kitenge kipya, anakwenda kanisani. Kushuka anajishika nyuma, ananiangalia: "Baba, hiki ni nini?" Nilikosa jibu. Hela yake sikuipokea.

Najua kuna watu watakuja hapa na "si upeleke kwa fundi". Fundi gani? Siti hiyo iliyomlowesha mama wa watu ilitoka kwa fundi! Nilipong'oa pini na kufunua kava nilikuta vipande vitatu vya sponji vya rangi tofauti vimeunganishwa kwa gundi ya viatu, na katikati kipande cha salfeti kimekunjwa kujaza shimo. Salfeti, wakuu. Nje kava limeshonwa uzi mwekundu wa mapambo, unasema siti ya kiwandani. Ndiyo maana nikaamua kazi hii naifanya mwenyewe nyumbani, pikipiki ikiwa imelala.

Na kazi yenyewe si ya ajabu. Leza unaianika juani kwanza ilainike, unavuta mbele na nyuma katikati, unapiga pini, halafu ndipo unakuja pembeni kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa zamu, mikunjo isijikusanye. Lakini utaifanyaje na vifaa vya kitapeli? Hata pini niliuziwa ndefu za mafundi wa sofa. Sofa ina mbao, zinazama. Plastiki ya siti ni ngumu na nyembamba, pini ndefu inajikunja juu juu na kava linaachia. Milimita 6 zinatosha. Nilipozirudisha nikaambiwa "kitu kikishafunguliwa hakirudi". Sasa bila kufungua ningejuaje?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mteja wao mkubwa ni bodaboda, mtu ambaye pikipiki ikilala siku moja hesabu ya bosi inamsubiri pale pale. Wanajua hatuna muda wa kurudi kugombana.

Anayejua duka la Moshi au Arusha ambalo wanakuacha ubonyeze, ugeuze, ukate kipande kidogo ukakijaribu kabla ya kulipa, ataje mtaa tu, nitalitafuta mwenyewe. Na tafadhali msinielekeze Kariakoo, siwezi kupanda basi kutwa nzima kufuata sponji ya siti moja.