Sindano za Kichina kwa uchovu sugu: zinachomwa wapi, dakika ngapi?

Mkunazi:
Wakuu, mgonjwa ana uchovu sugu mwezi wa nane sasa. Damu, thairoidi, sukari na TB vyote safi. Anataka sindano za Kichina. Zinachomwa wapi, na cha kuchunga ni nini?

Muundi:
Pointi kuu ni Zusanli: vidole vinne chini ya pia ya goti, upana wa kidole gumba nje ya mfupa wa muundi. Huongezwa Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani (mjamzito asiguswe hapo), na Baihui ya utosini. Sindano yenye unene wa milimita 0.25 inatosha. Alale chali, maana wengi wenye uchovu huu mapigo ya moyo hupanda wakikaa au kusimama, na kuzirai ni rahisi. Siku ya kwanza sindano nne, dakika 15 tu. Akihisi uzito au ganzi, sawa. Akihisi shoti, mshipa wa fahamu umeguswa, irudishwe nje kidogo. Pakiti ifunguliwe mbele yake. Begani asikubali sindano ndefu ya wima, pafu liko karibu.

Kitabibu:
Muundi kaeleza vizuri, ila mtego uko njiani. Alama ya ugonjwa huu ni kuzidiwa baada ya kujitumikisha, mara nyingi saa 12 hadi 48 baadaye. Daladala mbili, foleni, sindano, kurudi: keshokutwa haamki, halafu anaambiwa "sumu zinatoka". Hakuna sumu, ni safari ile.

Na asiahidiwe kupona. Majaribio mengi ni madogo, na mgonjwa anajua kabisa kwamba anachomwa. Uingereza, mwongozo wa NICE (taasisi inayoandika miongozo ya tiba) wa Oktoba 2021 kuhusu ugonjwa huu haukupendekeza sindano, ingawa ule wa Aprili mwaka huohuo wa maumivu sugu uliziruhusu. Kwa hiyo lengo liwe maumivu, labda na usingizi.

Mkunazi:
Shukrani. Mara ngapi kwa wiki? Kliniki imesema tatu.

Kitabibu:
Tatu ni nyingi mno kwake. Moja, na siku mbili zinazofuata asipangiwe kazi. Kila jioni aandike maumivu na usingizi, 0 hadi 10, aanze wiki mbili kabla ya sindano ya kwanza. Baada ya vipindi sita namba zikiwa palepale, aache. Kama anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), amwambie mchomaji mapema.

Muundi:
Naunga mkono moja kwa wiki. Au mchomaji amfuate nyumbani, nauli ya mtu mmoja ni ileile.