Grupu letu la siasa Tanga limeingiwa na maneno ya chuki, nyie maadmini wenzangu mnafanyaje?

Mwana_Ngamiani:
Wakuu habarini za jioni. Naomba ushauri wa kweli maana siku ya tatu hii silali vizuri. Mimi ni mmoja wa maadmini watatu wa grupu la WhatsApp la siasa za hapa Tanga mjini, watu mia sita na ushee, wa chama tawala wamo, wa upinzani wamo, wasio na chama wamo, tunaongea bandari, bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, mkonge, mambo ya maana kabisa. Sasa wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya ushuru wa soko, kuna mama mmoja anauza dagaa, Msukuma kwa asili ila yuko Tanga kabla baadhi ya hawa vijana hawajazaliwa, akasema yeye ushuru analipa kila siku ila haoni unachofanya. Mtu akamjibu "nyie wakuja mkishashiba mnaanza kelele, rudini kwenu Mwanza", mwingine akadakia kwamba mende huingia wawili kwenye ufa ukizubaa wamejaa nyumba nzima. Watu wakacheka cheka pale. Yule mama hakujibu neno, asubuhi naona tu kajitoa.

Mimi nilikuwepo mtandaoni muda huo na sikufuta. Nilijiambia wacha watu waongee. Admini mwenzangu anasema huo ni utani tu wa makabila, na nikianza kufuta futa nitaambiwa nimetumwa na chama. Nifanyeje jamani?

Mzigua wa Handeni:
Pole sana dada. Hilo la utani naomba nilijibu mimi maana ni Mzigua na mke wangu Mnyamwezi, watani hao, ukweni kwangu natukanwa kuanzia mlangoni mpaka naaga. Utani una masharti yake. Mnajuana, na yeye anaweza kukurudishia palepale mkacheka wote, alafu siku ya msiba mtani ndio wa kwanza kufika, anashika jembe kaburini, anaiba mpaka sufuria jikoni na wafiwa wanacheka huku wanalia. Huyo aliyeandika habari ya mende, mama akifiwa kesho atakwenda? Hata jina lake hamjui vizuri inawezekana. Mtu kasema habari ya ushuru wewe unamjibu kabila lake, utani uko wapi hapo? Huyo alikosa jibu la ushuru.

Kijana_Chumbageni:
Mi naogopa upande wa pili wakuu. Tukishawapa maadmini rungu watafuta kila kinachowakera wakubwa, tumeshayaona. Ibara ya 18 ya Katiba inanipa uhuru wa maoni. Na tuseme ukweli, mimi kila siku naitwa nyumbu humo magrupuni na mimi nawaita wenzangu chawa, maisha yanaenda, kuna watu saivi wanajiita chawa wenyewe kwa kujisifu. Chawa si mdudu kama mende? Mbona mmoja afutwe mwingine abaki? Nauliza kabisa, sibishani.

Bi Mkubwa wa Pongwe:
Mwanangu umeuliza swali zuri. Chawa unamwita mtu kwa anachokifanya, kamsifia mkubwa mpaka kapitiliza, akiacha kesho na jina linamtoka. Usukuma yule mama atauacha wapi? Au Udigo wangu mimi nitauvua nikauanike kamba gani? Kwa hiyo mimi kwenye grupu letu sihangaiki na ukali wa neno. Mwite kiongozi mwongo, mvivu, sema sera yake ya hovyo, mimi silifuti hata kama ni wa chama changu. Ukigusa alikozaliwa, dini yake, rangi yake, ulemavu wake, nafuta hapohapo. Na hiyo Katiba unayoisoma ibara ya 18, rudi nyuma kidogo kwenye ya 13 uone inavyosema juu ya ubaguzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inaigusa chuki ya rangi, asili na dini, ila mimi sipendi kuanza kwa kutishana polisi, watu wakitishwa wananyamaza wote, wenye hoja na wenye chuki.

Dereva Mstaafu:
Wanangu, mimi mwaka 1994 nilikuwa naendesha lori, tulipeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Benako kule Ngara. Mwishoni mwa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa siku moja tu, siku moja nasema, mtu hujui ukanyage wapi. Mle kambini ndio nikaelezwa habari ya RTLM, ile redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya Watutsi. Ilianza kurusha mwaka 1993 na vijana waliipenda sana, ilikuwa na muziki mtamu na watangazaji wachangamfu, wanataniana kama mpo kilabuni. Na humohumo kwenye uchangamfu Watutsi wanaitwa inyenzi, ndio mende kwa lugha yao. Mahakama ya kimataifa ya mauaji yale ilikuja kukaa hapahapa kwetu Arusha, na mwaka 2003 ikawatia hatiani waanzilishi wawili wa ile redio na mhariri wa gazeti la Kangura.

Sisemi Tanga itakuwa Rwanda, kwetu Mdigo, Msambaa, Mpare na Msukuma wanakunywa kahawa jamvi moja. Ila hilo neno la mende lilinikata nilipolisoma hapa. Binti yangu, lifute.

Kijana_Chumbageni:
Shikamoo mzee. Hiyo ya muziki na utani sikuwa naijua. Nimekuelewa.

Mwana_Ngamiani:
Shikamoo mzee wangu, nimelifuta sasa hivi. Bi Mkubwa naomba unieleze mnavyoendesha nyie, kivitendo.

Bi Mkubwa wa Pongwe:
Sisi maadmini ni wa vyama tofauti, hilo ndio la kwanza, na makubaliano yetu ni kwamba mtu wa upande wako unamfuta wewe, usinisubiri mimi wa upande mwingine, hapo hawapati pa kusema umetumwa. Ukishafuta mpigie simu pembeni, usimsute mbele ya watu mia sita maana atakaza shingo kulinda heshima, wengi ukiwapigia wanaona aibu. Akirudia anakaa nje wiki mbili. Orodha ya maneno yaliyokatazwa tulijaribu ikatushinda, ukikataza mende wanaandika wadudu, ukikataza wadudu wanaleta methali. Tuliyebaki naye ni binadamu anayesoma. Kazi ngumu ni voisi, unatakiwa usikilize dakika nne nzima na sumu iko mwisho. Siku za joto kali usiku tunafunga, wanaandika maadmini tu mpaka alfajiri.

Na nikuulize, huyo wa mende ni nani yako?

Mwana_Ngamiani:
Mtoto wa mamdogo. Ndio maana sikufuta.

Bi Mkubwa wa Pongwe:
Nilijua. Anza naye.

Mwana_Ngamiani:
Mrejesho wakuu. Binamu nimempigia, tumegombana, nimemtoa wiki mbili na grupuni nimeandika kwamba nilikuwepo siku ile na nilinyamaza. Kumi na moja wamejitoa kwa hasira. Leo asubuhi nikaenda sokoni kwa yule mama kumuomba radhi. Alinikaribisha kiti, akanipimia dagaa, pesa akakataa. Nikamuuliza nikurudishe grupuni? Akasema mwanangu, niache kwanza.